Namna ya Kuchagua Dawa ya Chunusi ya Kupaka Inayoifaa Ngozi Yako

Mtu mwenye chunusi akiingia duka la dawa, swali lake la kwanza karibu siku zote ni hili: "Ipi ndiyo kali zaidi?" Nimelisikia kwa miaka mingi nikiwa nyuma ya kaunta, na kila mara nimelijibu kwa kumwuliza maswali mawili: ngozi yako huwa katika hali gani saa moja baada ya kunawa uso, na vipele ulivyonavyo ni vya namna gani. Majibu yake ndiyo yanayoamua atoke dukani na nini. Aina ya chunusi huchagua dawa. Aina ya ngozi huchagua umbo la dawa hiyo, yaani jeli, losheni au krimu, pamoja na nguvu yake na mwendo wa kuianza. Asiyetenganisha mambo hayo mawili anaweza kununua dawa iliyo sahihi kabisa kwa chunusi zake, na bado ikamwunguza uso akaitupa kabla haijaanza kazi.

Kwetu sisi wenye ngozi nyeusi au ya maji ya kunde, kuna sababu nyingine ya kwenda kwa uangalifu. Chembe zinazoipa ngozi rangi yake zikishtuliwa na uvimbe, humwaga rangi zaidi mahali pale, na doa jeusi linalobaki linaweza kukaa miezi mingi baada ya kipele chenyewe kupona. Dawa inayochubua nayo huleta uvimbe, na uvimbe huo huacha madoa yaleyale uliyokuja kuyatafutia tiba. Kwa hiyo ukali wa dawa, ambao wengi huuhesabu kuwa sifa, kwetu ni hasara.

Ijue kwanza ngozi yako

Jioni, nawa uso kwa sabuni laini ya uso na maji ya uvuguvugu, ukaushe kwa kuugandamiza taratibu kwa taulo pasipo kusugua, kisha ukae saa moja bila kupaka kitu chochote. Baada ya hapo chukua karatasi ya tishu, uikandamize kwenye paji la uso, pua, mashavu na kidevu. Ikiwa imelowa mafuta kila mahali, ngozi yako ni ya mafuta. Ikiwa imebaki kavu, na uso unakaza unapotabasamu au una ungaunga mweupe pembeni mwa mdomo, ngozi yako ni kavu. Wengi wetu tuko katikati: paji, pua na kidevu vinang'aa ilhali mashavu ni makavu, na hiyo ndiyo ngozi mchanganyiko. Kuna pia ngozi nyepesi kuchokozeka, ambayo haijulikani kwa tishu bali kwa historia yake: huwasha au huchonyota hata kwa losheni ambazo wengine hupaka bila shida. Ngozi ya namna hii inaweza kuwa ya mafuta au kavu, jambo ambalo watu wengi hawalitarajii.

Usifanye kipimo hiki baada ya kunawa kwa sabuni ya mche. Sabuni ya kufulia ina ualkali mwingi, ilhali uso wa ngozi kwa kawaida una asidi kidogo, pH yake ikiwa karibu na 5. Sabuni hiyo huondoa mafuta yote, na kila aliyeitumia ataonekana ana ngozi kavu. Kumbuka pia kwamba ngozi hubadilika kwa majira. Jeli ambayo mtu wa Mombasa au Tanga aliivumilia vizuri wakati wa kaskazi, jasho likimtiririka, inaweza kumpasua mashavu akihamia Njombe au Nairobi katika baridi ya mwezi wa Julai. Hapo si dawa iliyoharibika. Ni ngozi iliyohitaji umbo jingine la dawa ileile.

Kisha vitazame vipele vyenyewe

Kila kitundu cha unywele usoni kina tezi ndogo inayotoa mafuta. Wakati wa balehe homoni huiamsha tezi hiyo na mafuta huzidi. Chembe za ngozi zilizokufa, ambazo zilipaswa kupukutika mojamoja, hugandamana na kuziba mlango. Bakteria aitwaye Cutibacterium acnes, ambaye huishi humo siku zote bila kumdhuru mtu, hustawi ndani ya mafuta yaliyofungiwa. Na mwili unapomkabili, mahali pale huvimba, hupata joto na kutunga usaha. Kuziba huko huanza wiki kadhaa kabla kipele hakijaonekana kwa macho, na ndiyo maana dawa ya chunusi haiwezi kupimwa kwa siku tatu.

Simama mbele ya kioo kwenye mwanga wa mchana. Vichwa vyeusi na vichwa vyeupe ni vitundu vilivyoziba tu, bila uvimbe. Weusi wake hautokani na uchafu, kwa hiyo kusugua kwa dodoki hakuuondoi. Vipele vinavyouma na vyenye usaha ni chunusi zenye uvimbe. Vitabu vingi vya kigeni hukuambia utafute wekundu, lakini kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani. Uvimbe huonekana kama zambarau au weusi uliokolea. Gusa taratibu kwa kidole kilichonawishwa: panapouma na penye joto pana uvimbe, na palipo bapa pasipo maumivu ni doa tu. Tofauti hiyo ina maana kubwa, kwa sababu wengi huendelea kuyapiga vita kwa dawa ya kuua bakteria madoa ambayo hayana bakteria yeyote.

Viko pia vipele vinavyofanana na chunusi ambavyo si chunusi. Vile vidogo vya ukubwa mmoja, vinavyowasha, vilivyojaa kwenye paji la uso, kifuani na mgongoni, hasa wakati wa joto, mara nyingi hutokana na fangasi wa ngozi, na dawa nyingi za chunusi hazivigusi. Vile vinavyotokea kidevuni na shingoni kwa wanaume siku chache baada ya kunyoa ni ndevu zilizojipinda na kurudi ndani ya ngozi. Tiba yake huanzia kwenye namna ya kunyoa. Na vile vinavyopanga mstari pembezoni mwa nywele, kwenye paji na kwenye panja, uvitilie shaka mafuta ya nywele. Mwaka 1970 madaktari nchini Marekani waliieleza hali hii kwa wanaume weusi waliokuwa wakipaka mafuta mazito kichwani, na mimi huiona kila wiki kwa mabinti waliotoka kusukwa. Vivyo hivyo mafuta ya mgando na mafuta ya nazi, ambayo mama zetu walitupaka kwa mapenzi tangu utotoni, hayafai kwa uso wenye chunusi. Yapake miguuni na mikononi, uso uuache.

Dawa zinazofanya kazi kweli

Majina yafuatayo utayakuta nyuma ya boksi kwa tahajia ya Kiingereza, lakini ukiyasoma kwa sauti utayatambua. Yatafute hayo pamoja na asilimia iliyo mbele yake. Maneno makubwa yaliyo upande wa mbele wa boksi hayakuambii chochote.

Benzoili peroksidi huua bakteria kwa kutoa oksijeni ndani ya kitundu, na bakteria hawajaweza kujijengea usugu dhidi yake, tofauti na ilivyo kwa antibiotiki. Shirika la Afya Duniani limeiweka kwenye orodha yake ya dawa muhimu, kwa nguvu ya asilimia 5. Huuzwa kwa asilimia 2.5, 5 na 10, na hapa ndipo watu wengi hupoteza fedha na ngozi. Majaribio yaliyochapishwa mwaka 1986 yalilinganisha nguvu hizo tatu na kuonyesha kwamba asilimia 2.5 ilipunguza vipele vyenye uvimbe sawa na zile kubwa, huku ikichubua kidogo kuliko asilimia 10. Ukiipata ya 2.5, ichukue hiyo. Ukiikosa, ya 5 inatosha, na ya 10 iache rafuni.

Dawa hii hula rangi ya nguo. Mteja mmoja aliwahi kuniletea kanga yake mpya, yenye rangi ya damu ya mzee, akaikunjua juu ya kaunta: pindo lote lilikuwa na mabaka ya rangi ya chungwa iliyofifia, makubwa kama sarafu, mahali palepale alipokuwa akijifutia uso kila asubuhi. Alidhani amemwagikiwa na dawa ya kufulia. Tumia taulo nyeupe na foronya nyeupe, na usijifunge mtandio mpaka dawa ikauke. Iweke pia mahali pa ubaridi, mbali na dirisha lenye jua na mbali na gari, kwa kuwa benzoili peroksidi ikipata joto kwa muda mrefu inaweza kuvunjika na kutoa benzini, kemikali inayosababisha saratani. Suala hilo liliibuliwa mwaka 2024 na maabara ya Valisure ya Marekani. Mwaka uliofuata mamlaka ya dawa ya nchi hiyo ilipima bidhaa 95, ikakuta nyingi mno hazina benzini au zina kiasi kidogo sana, na chache zikaondolewa sokoni. Kwa anayeishi Dar es Salaam, ambako chumba cha bati mchana huwa kama tanuri, ushauri wa kuihifadhi vizuri na kutotumia iliyopitwa na muda si wa kupuuzwa.

Adapalini ni ya jamii ya retinoidi, dawa zinazotokana na vitamini A. Kazi yake ni kuzuia kuziba kwenyewe, hivyo huvitibu vichwa vyeusi na vyeupe, na huvizuia vipele vya kesho ambavyo bado havijaonekana. Ya asilimia 0.1 ndiyo ya kuanzia. Marekani iliiruhusu iuzwe bila cheti cha daktari mwaka 2016. Ndugu yake wa zamani, tretinoini, hufanya kazi vilevile lakini huchubua zaidi, na aina zake nyingi huharibiwa na mwanga pamoja na benzoili peroksidi, ilhali adapalini huvumilia vyote viwili. Ningeambiwa nichague dawa moja tu ya kumpa kijana mwenye chunusi za kawaida, ningechagua adapalini, kwa sharti kwamba ana subira. Mama mjamzito, au anayejaribu kushika mimba, asitumie retinoidi yoyote.

Asidi ya azelaiki, ya asilimia 15 au 20, haina umaarufu unaoistahili. Hupunguza bakteria na uvimbe, na wakati huohuo huizuia ngozi kutengeneza rangi ya ziada, kwa hiyo hutibu kipele na doa lake kwa pamoja. Inakubalika wakati wa ujauzito. Kasoro yake ni kwamba huchonyota katika wiki za mwanzo, na mara nyingi bei yake iko juu kuliko zile mbili za kwanza.

Asidi ya salisiliki ya asilimia 0.5 mpaka 2 huyeyuka katika mafuta, hivyo huingia kitunduni na kulegeza kilichoziba; ni msaidizi mzuri kwa ngozi ya mafuta yenye vichwa vyeusi vichache, si zaidi ya hapo. Klindamisini ya kupaka ni antibiotiki. Haipaswi kutumiwa peke yake, kwa kuwa huzalisha usugu. Huambatanishwa na benzoili peroksidi, na kwa kawaida hukomeshwa kabla ya miezi mitatu kutimia au inapotimia.

Kuoanisha dawa na ngozi

Ngozi ya mafuta hupenda jeli, kwa sababu jeli hukauka na haiachi utelezi. Adapalini ya jeli usiku na benzoili peroksidi asubuhi huwatosha wengi wenye vipele mchanganyiko. Kosa la watu wa ngozi hii ni kuacha kabisa krimu ya kulainisha wakidhani wanajisaidia. Ngozi iliyokauka kwa dawa na kuachwa hivyo huchubuka, na mwenyewe huiacha dawa. Tafuta losheni nyepesi ambayo lebo yake inasema haizibi vitundu vya ngozi.

Ngozi kavu huhitaji dawa ileile ndani ya krimu. Jeli nyingine zina alkoholi, ambayo huiongezea ukavu. Kwa benzoili peroksidi, iko njia ambayo wengi hawaijui: ipake, iache dakika chache kati ya 2 na 5, kisha ioshe. Bakteria hupungua, na ngozi haipati muda wa kuungua.

Mwenye ngozi mchanganyiko hana haja ya kununua dawa mbili, moja ya paji na nyingine ya mashavu. Atumie losheni au krimu nyepesi uso mzima, lakini mashavu ayatangulize kwa krimu ya kulainisha kabla ya kupaka dawa, ili dawa ipungue makali pale penye ukavu.

Ngozi nyepesi kuchokozeka ianze na asidi ya azelaiki, au adapalini ya krimu kwa siku mbili tu katika wiki, dawa moja kwa wakati mmoja. Ukianza mbili pamoja na uso ukaota vipele vya muwasho, hutajua ni ipi ya kulaumu.

Kuhusu seti za hatua tatu

Proactiv, iliyoanzishwa Marekani mwaka 1995 na madaktari wa ngozi Katie Rodan na Kathy Fields, ilichangia sana kueneza mtindo wa kuuza sabuni, maji ya kufutia uso na losheni ya dawa ndani ya boksi moja. Mtindo huo una faida moja ya kweli: humpa mtu utaratibu wa kila siku, na chunusi hutibiwa na utaratibu. Hata hivyo, kabla ya kulipia boksi zima, soma nyuma ya kila chupa. Kitu kinachobaki usoni usiku kucha ndicho chenye kazi kubwa kuliko kinachooshwa baada ya nusu dakika. Ukikuta chupa zote tatu zina dawa, kwa mfano asidi ya salisiliki kwenye sabuni, asidi nyingine kwenye maji ya kufutia, na benzoili peroksidi kwenye losheni, elewa kwamba seti hiyo ilikusudiwa ngozi ya mafuta iliyo imara. Mwenye ngozi kavu ataungua. Unaweza kujipangia seti yako mwenyewe, pengine kwa fedha ndogo zaidi: sabuni laini isiyo na manukato, dawa moja, krimu ya kulainisha, na krimu ya kukinga jua ya SPF (kipimo cha nguvu ya kukinga) 30 au zaidi kwa ajili ya mchana, kwa kuwa jua huyakoleza madoa.

Namna ya kuanza

Paka kidogo sana chini ya taya kwa siku tatu mfululizo na utazame. Pasipowasha, anza usoni. Nawa, kausha, subiri kama dakika 20 ngozi ikauke kabisa, kisha kamua dawa kiasi cha punje moja ya njegere kwenye ncha ya kidole. Gusa nayo sehemu tano, yaani paji, pua, kidevu na kila shavu, halafu isambaze mpaka isionekane. Punje hiyo moja ndiyo ya uso mzima. Epuka kope, midomo na mikunjo ya pembeni mwa pua, kwani dawa hujikusanya hapo na kuchubua. Usipake juu ya kipele kimoja kimoja. Dawa hizi huzuia vijavyo, na vijavyo hujui vitatokea wapi.

Kwa retinoidi, wiki mbili za kwanza paka kila usiku wa tatu, wiki mbili zinazofuata usiku mmoja uache mmoja, kisha kila usiku kama ngozi imekubali. Katika mwezi wa kwanza ngozi inaweza kubambuka kidogo, na vipele vinaweza kuonekana vimezidi. Ukavu mdogo uvumilie kwa krimu. Moto, uvimbe au malengelenge usivivumilie, acha dawa mpaka ngozi itulie. Dawa ya pili iongeze baada ya kama mwezi mmoja. Hukumu uitoe baada ya wiki 8 mpaka 12, wala si kabla. Piga picha siku ya kwanza, kwenye dirisha lilelile na saa ileile, kwa sababu kioo cha kila siku husahau ulikotoka.

Katika muda huo wote usitumbue, na usipake ndimu. Maji ya ndimu ni asidi kali, na yakikutana na jua juu ya ngozi husababisha kuungua kunakoacha weusi wa miezi. Dawa ya meno nayo huchoma. Liwa ya pwani haina ubaya huo, na asiyedhurika nayo anaweza kuendelea kujisinga kwa ajili ya urembo, lakini asiitegemee kama tiba, na asiipake juu ya retinoidi, maana kuisugua wakati wa kuitoa huchubua ngozi iliyokwisha kulegezwa.

Jambo linalonisikitisha kuliko yote ni mkorogo. Mtu huanza na madoa ya chunusi, anauziwa krimu ya kuyang'arisha, na ndani yake mna hidrokwinoni, zebaki au steroidi kali kama klobetasoli. Kwa wiki mbili uso hung'aa na vipele hutulia, kwa sababu steroidi huzima uvimbe. Kisha ngozi hukonda, mishipa huonekana, na chunusi mpya hutoka nyingi, za ukubwa mmoja, ambazo kila ukiacha krimu huzidi. Kenya ilipiga marufuku vipodozi vyenye hidrokwinoni na zebaki mwaka 1998, na Tanzania nayo imevikataza, lakini bado vinauzwa. Krimu isiyoorodhesha viambato, au iliyopimwa kwa kijiko kutoka kopo kubwa, isiguse uso wako. Na kama umekwisha kuitumia kwa miezi, usiikatishe ghafla peke yako. Nenda kwa daktari akusimamie.

Nenda kwa daktari pia, bila kusubiri wiki 12, iwapo una mavimbe makubwa yanayouma ndani ya ngozi, iwapo makovu yenye mashimo au yaliyoinuka yameanza kuonekana, iwapo chunusi zinaambatana na hedhi isiyo na mpangilio na ndevu kwa mwanamke, au iwapo zinakunyima usingizi na kukufanya uwakwepe watu. Hayo yanahitaji vidonge au uchunguzi, si tyubu nyingine. Usidhani mtaalamu wa ngozi yuko kwenye miji mikubwa pekee. Kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo hospitali ya KCMC, Moshi, kimekuwa kikifundisha wataalamu wa kada hiyo kutoka nchi nyingi za Afrika tangu mwaka 1992, kwa hiyo anza kwa kuuliza hospitali ya mkoa au ya kaunti yako. Siku ya kwenda, tia kwenye mfuko kila ulichowahi kupaka usoni kwa miezi sita iliyopita, ikiwemo sabuni, mafuta ya nywele, na lile kopo lisilo na lebo ambalo unaona haya kulionyesha.